Risala ya Walioumia Uti wa Mgongo na Walezi Wao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Madaktari, wauguzi na wataalamu wa utengamao,
Walezi wetu, ndugu na marafiki,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Mimi niliyeteuliwa kusoma risala hii niliumia shingo, pingili ya tano. Nikikata sentensi njiani naomba univumilie, navuta pumzi.

Watu wakikutana nasi, swali la kwanza huwa la miguu: utatembea lini? Ni swali la upendo na hatulichukii. Lakini wenzetu tuliowazika, wengi waliondoka kwa nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu walioumia uti wa mgongo. Ndiyo maana leo tumechagua kukueleza habari za pumzi, na hasa habari za kukohoa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hupata amri kupitia neva zitokazo shingoni, usawa wa pingili ya tatu, ya nne na ya tano. Aliyeumia vibaya juu ya hapo huhitaji mashine ya kupumulia. Sisi tulioumia chini kidogo kiwambo chetu kinafanya kazi, ila misuli ya mbavu na ya tumbo imelala. Hewa tunaivuta, kuitoa kwa nguvu ndiko kunakotushinda, na kukohoa ni kutoa hewa kwa nguvu. Makohozi anayoyatoa mtu mwingine bila hata kufikiri, kwetu hubaki kifuani, yakaziba njia za hewa, homa ikaanza.

Wageni hushangaa wakisikia kwamba wengi wetu hupumua vizuri tukilala chali kuliko tukikaa. Tukikaa, tumbo lililolegea hutokeza mbele, na kiwambo huanza kazi kikiwa kimeshashuka, hakina tena pa kwenda. Mkanda mpana wa tumbo hulirudisha tumbo ndani na kukiinua. Ni kitambaa chenye mpira tu, na kwa baadhi yetu ndicho kinachotuwezesha kumaliza mazungumzo.

Misuli ya kupumua hufundishika. Kipo kifaa kidogo cha mdomoni chenye vali ya springi: unavuta hewa huku kikikupinga, kila siku, kwa wiki kadhaa, na nguvu huongezeka. Ipo pia mbinu ya kumeza hewa kwa ulimi hadi iingie mapafuni, ambayo madaktari waliieleza miaka ya 1950 baada ya kuiona kwa wagonjwa wa polio. Na upo msaada wa mikono. Mgonjwa anajaza kifua, mlezi anaweka viganja chini ya mbavu, kisha wakati wa kukohoa anasukuma kuelekea ndani na juu. Isiwe mara tu baada ya kula.

Mwenzetu mmoja aliruhusiwa kwenda nyumbani na maelekezo yote ya kugeuzwa asipate vidonda. Kukohoa hakukutajwa. Alirudishwa wodini mara mbili na nimonia. Mara ya pili muuguzi wa zamu ya usiku alimwita mama yake, akamshika mikono, akamwonyesha. Haikufika robo saa. Mama yule ndiye aliyewafundisha walezi wengi walioketi hapa.

Mheshimiwa, mashine za kusaidia kukohoa tunazihitaji, na kwa wenzetu wasiojiweza kabisa hazina mbadala. Lakini ombi letu kubwa halihitaji mashine. Tunaomba mtu yeyote aliyeumia shingo au mgongo asiruhusiwe kutoka wodini kabla nguvu ya kikohozi chake haijapimwa, na kabla mlezi wake hajasukuma kwa mikono yake mwenyewe mbele ya mtaalamu, akaonekana ameweza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.