Mbegu ya Alfalfa: Soma Namba Kabla ya Bei

Kiangazi kikikaza, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaingia dukani kwetu na ombi moja: "Nipe ile alfalfa sugu." Alfalfa, jani la malisho la jamii ya kunde, ipo, ila pakiti nyingi zinazosifiwa usugu zimekusudiwa kustahimili baridi ya theluji. Unguja na Pemba barafu iko kwenye friji tu.

Kila aina ya alfalfa hupewa namba ya kulala, yaani kusimama kukua, 1 hadi 11. Zenye namba ndogo, kama Vernal ya Marekani, hulala siku zinapokuwa fupi na baridi. Kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa aina hizo ni mfupi, basi mmea unazubaa, unatambaa chini na kutoa majani kiduchu. Sisi tunauza namba 8 kwenda juu, mfano CUF 101 yenye asili ya California. Hiyo haina habari ya kulala.

Baada ya namba, adui ni maji. Mzizi wa alfalfa hushuka mita kadhaa, ndiyo maana jua likiwaka bado ni kijani. Lakini maji yakituama masika, mizizi inaoza. Mwenye bonde la mpunga Cheju hatumuuzii. Maweni ya Makunduchi yana chokaa ya kutosha, tatizo jiwe liko karibu mno. Kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina, ndio wenyewe. Kwenye vilima vya mikarafuu Pemba, pima tindikali kwanza; pH ikiwa chini ya 6.5 utahitaji kutia chokaa.

Panda masika yakipungua, kilo 2 kwa robo eka, kina sentimita 1. Mbegu ichanganywe kivulini na unga wa bakteria wake, wanaoupatia mmea naitrojeni toka hewani. Wale wa kunde na choroko hawaifai. Wiki ya sita chimbua mche mmoja kwa jembe, usiuvute, kisha upasue vinundu vya mizizi kwa ukucha. Ndani vikiwa vya waridi, bakteria wako kazini. Vikiwa vyeupe au hamna kitu, rudi kwetu haraka. Na palizi usiifanyie uvivu, miche michanga haiwezi kushindana na magugu.

Kata alfalfa maua yake ya zambarau yanapoanza tu kuchanua, ubakize shina vidole vinne. Protini hapo huwa kama asilimia 15 hadi 20, pumba tupu ya mahindi haifiki. Ila jamani, msimfungulie ng'ombe mwenye njaa kwenye alfalfa mbichi! Gesi humjaa, ubavu wa kushoto unavimba, na anaweza kufa kabla daktari hajafika. Mpe majani ya kawaida kwanza, alfalfa iwe imenyaushwa, na isizidi theluthi ya chakula chake.

Ukija, chukua udongo kidogo kwenye mfuko, uliochimbwa kina cha mkono. Tutaupima hapo hapo, na kama haufai utajua kabla hujalipa.