Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Filamu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye maonyesho yetu, na tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako ili uje kutazama kazi zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, picha zilizobandikwa ukutani ni fremu za filamu fupi ambayo bado hatujaipiga. Tumezitengeneza kwa akili unde, kwa sababu kamera tunakodi, nasi hatukutaka kufika feri ya Magogoni, jijini Dar es Salaam, tukiwa bado tunabishana kamera ikae wapi. Mwanzoni tuliandika tu kwamba mama anasubiri pantoni, na programu ikatuletea uso mzuri unaotazama kamera, picha ya kalenda isiyo na hadithi. Tulipoagiza kamera ishuke hadi usawa wa goti, lenzi iwe pana ya milimita 24, mama asimame kwenye theluthi ya kushoto akiwa ameipa kamera mgongo, na maji yajaze sehemu yote iliyobaki, ndipo upweke wake ulipoonekana. Tulipotaja lenzi ya milimita 85, inayovuta karibu vitu vya mbali, ng'ambo ya Kigamboni ilisogea hadi begani kwake, kana kwamba anayemsubiri yu karibu kufika. Programu yenyewe haina lenzi. Inaiga mwonekano iliojifunza kutoka kwenye picha nyingi mno zenye maelezo, hivyo asiyejua lugha ya kamera hupokea chochote atakachopewa.

Tunakuomba utazame kwa makini fremu ya tatu. Jina la kanga limeandikwa kwa herufi zisizosomeka, pindo limekatika kiunoni, na pantoni imegeuka meli ya watalii. Sura ya mama nayo hubadilika kila fremu. Kwa hiyo tulirudi feri na simu, mwenzetu mmoja akiwa amejifunga kanga ya bibi yake, tukapiga picha za mahali penyewe tukifuata mkao wa kamera tuliokwisha kuuchagua. Kwetu sisi fremu za mashine ni za kupangia tu. Sura za watu wetu tutazipiga wenyewe.

Changamoto yetu kubwa ni bando, ambalo huisha kabla hatujapata fremu tunayoitaka. Tunaomba utusaidie kupata kompyuta moja yenye kadi ya michoro, ili tuweze kutumia programu ya kutengeneza picha kama Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma mwaka 2022, ambayo ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.