Kwa wakimbiaji wetu mnaokwenda vyuo vya Marekani

Wanangu,

Wiki iliyopita mmoja wenu alisimama nami kando ya barabara hapa Iten, jasho halijamkauka, akanionyesha kwenye simu barua ya kocha wa huko. Alikuwa amesoma hesabu ya dola tu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kuwa ufadhili ni wa mwaka mmoja.

Mstari huo naujua. Mwaka wangu wa pili huko nilikuwa na maumivu ya ugoko. Alhamisi nikakimbia mita 10,000. Jumamosi kocha akataka nikimbie na 5,000, kwani timu ilikosa pointi. Niliogopa kukataa, maana barua yangu ilikuwa karibu kuisha. Mfupa ukapata ufa, na ufadhili haukurudi. Shahada niliimaliza kwa kuosha sahani kwenye bwalo la chuo.

Enzi zetu malipo yalikuwa mwiko. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, na kwa sheria za uridhaa chuo hakingeweza kumpa mshahara. Leo mambo yamegeuka. Tangu Julai 2021 mwanariadha wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanariadha pesa; kwa mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 20.5 hivi kwa kila chuo. Ni haki yao, nami nafurahi. Ila fungu kubwa linakwenda kwa futiboli ya Kimarekani na mpira wa vikapu wa wanaume, maana huko ndiko televisheni inakomwaga pesa. Riadha inabaki na makombo.

Tena ninyi mtaingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, inayobana sana kazi za kulipwa. Mwenzako Mmarekani akisaini tangazo la viatu, usimfuate kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Unaweza kuipoteza viza yenyewe.

Muulizeni kocha: nikiumia, nani analipa hospitali? Wewe ukihamia chuo kingine, mimi nabaki na nini? Na somo la kusomea chagueni wenyewe, msichaguliwe lile linaloacha nafasi ya mazoezi. Mike Boit, aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich 1972, alisoma hukohuko Marekani akarudi kuwa profesa Kenyatta University.

Jumapili mchana huwa nipo nyumbani. Njooni na barua zenu tuzisome pamoja, hata zile herufi ndogo, kabla hamjatia sahihi.

Mzee wenu