Pointi za safari: kwa familia ya watu sita hesabu haikubali

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na hili jambo limenikaa rohoni tangu likizo ya Desemba iliyopita kwahiyo naombeni mnivumilie nikirefusha.

Siku hizi kila unapolipa unaulizwa una kadi ya pointi? Sheli wanauliza, supamaketi wanauliza, ukikata tiketi ya ndege unaambiwa jisajili ukusanye maili, yaani pointi za ndege, mtandao wa simu nao unakutumia meseji hongera umepata pointi kadhaa. Na kwenye magrupu ya akina mama watu wanatumiana maelezo marefu kwamba ukizikusanya vizuri unasafirisha familia nzima bila kutoa hela. Mimi niliamini. Nimekusanya miaka mitatu, kwa bidii kabisa, na nataka niwaambie wazazi wenzangu nilichokutana nacho.

Aliyenifungua macho ni wifi yangu anayeishi Houston, Marekani. Alikuja 2022 na mumewe na watoto wao wawili, akasema tiketi zote nne wamelipia kwa pointi, walichotoa mfukoni ni kodi tu. "Wifi, nyie mnapitwa," akaniambia. Na hakudanganya, kwake ni kweli kabisa. Ila nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba pointi zake hazikutoka kwenye kusafiri, zilitoka kwenye kadi ya mkopo ya benki. Kule ukifungua kadi mpya na ukatumia kiasi fulani ndani ya miezi michache wanakupa pointi makumi elfu kwa mpigo, yeye kafungua, mume kafungua, wakaunganisha. Na hela ya kuwapa hizo pointi inatoka kwa mwenye duka, kila mteja akilipa kwa kadi duka linakatwa ada, kwa kadi za mkopo za Marekani inaweza kufika asilimia 2 na zaidi, benki inapata fungu lake hapo ndio inarudisha kidogo kwa mteja. Ulaya waliweka kikomo kwa hilo fungu la benki mwaka 2015, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo na 0.2 kwa kadi za kawaida zinazokata hela yako iliyopo benki, ndio maana huko husikii sana ofa kubwa kama za Marekani. Sasa sisi huku, nani anayelipa mahindi ya kusaga sokoni Majengo kwa kadi ya mkopo? Tunalipa keshi au kwa simu. Yaani ule mrija unaomletea wifi pointi kwetu haujafika kabisa, halafu tunaambiwa tukinge ndoo.

Na wifi mwenyewe aliniambia jambo ambalo kwenye magrupu hawalisemi, kwamba lazima ulipe deni lote kila mwezi, ukiacha hata kidogo riba yao inazidi asilimia 20 kwa mwaka na pointi zote zinaliwa na hiyo riba.

Basi sisi tulianza na tulichonacho. Mimi kadi ya sheli na ya supamaketi, baba watoto maili za ndege kwa sababu kazi yake inampeleka Dar mara kwa mara, mara nyingine Mwanza. Hapa niseme kidogo kuhusu maili za safari za kazi, maana Dodoma ni mji wa watumishi na swali hili lipo. Tiketi kalipa mwajiri, maili ni za nani? Marekani kuna sheria ya mwishoni mwa 2001 inayoruhusu watumishi wa serikali yao kuu kubaki nazo. Ujerumani mwaka 2002 mwanasiasa Gregor Gysi alijiuzulu uwaziri wa uchumi wa Berlin kwa sababu maili alizopata kwenye safari za kibunge alizitumia kwa safari binafsi. Kwahiyo si jambo dogo, mume wangu aliuliza ofisini kwanza akajibiwa hazina shida, na mimi nashauri kila mtumishi aulize kwanza kabla hajaanza kuwaahidi watoto.

Sisi tuliwaahidi. Bibi yao yupo Mbagala, Dar, na watoto hawajawahi kupanda ndege, wanaziona tu zikishuka hapa uwanja wa mjini maana zinapita juu ya paa. Tukasema Desemba tunakwenda kwa bibi kwa ndege, wote sita, kwa maili za baba. Yule wa miaka 10 akaenda kutangaza darasani.

Oktoba baba watoto akakaa na simu. Maili zilizopo, baada ya miaka mitatu ya kusafiri, zinatosha viti viwili. Viwili! Kila kiti kinahitaji maili zake, mtoto wa miaka 7 anahesabiwa sawa na baba yake. Halafu hivyo viti viwili havipo Desemba, kila tarehe shule zikiwa zimefungwa imejaa, wanakwambia jaribu Februari. Mtoto yupo darasani Februari! Halafu hata ukipata, kodi na ada za kila abiria unalipa kwa hela. Na mwisho kabisa, maili zilikuwa zinaisha muda tarehe 31 Desemba, hatukupata meseji yoyote ya kutukumbusha, sisi tumeona wenyewe kwa kuingia kwenye akaunti, na kuingia kwenyewe ilikuwa kazi kwa sababu namba ya siri ilikuwa inatumwa kwenye laini ya zamani ya mume wangu aliyoshaipoteza. Jina la kampuni silitaji, na nasikia wengi utaratibu wao ndio huohuo.

Nimekuja kuelewa sababu, si uonevu tu. Shirika la ndege linatoa kwa maili vile viti linavyoona havitauzwa. Desemba na Juni viti vinauzwa vyote tena kwa bei ya juu, sasa akupe wewe bure wa nini? Mtu anayesafiri peke yake Jumanne asubuhi mwezi wa pili anapata, familia yenye watoto wa shule inasafiri siku zilezile ambazo kila familia inasafiri. Mipango hii tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya huyo anayesafiri peke yake. American Airlines walianzisha wa kwao Mei 1981 ili wasimpoteze mteja wa biashara anayepanda kila wiki, mama mwenye watoto wanne hakuwepo kwenye hesabu. Na bei ya kiti kwa maili anapanga mwenye shirika, anaweza kuipandisha akitaka. Shirika la Delta la Marekani waliondoa jedwali la maili kwa kila safari mwaka 2015, wenzao United wakafuata 2019, sasa unaijua bei siku unayotafuta kiti. Hela yako benki hata ikishuka thamani angalau unaiona, pointi unaiona siku umeshachelewa.

Sasa kadi yangu ya sheli. Nilikaa na daftari nikapiga hesabu ambayo ningeipiga siku ya kwanza. Kila shilingi 1,000 napata pointi 1, na pointi 1 wakati wa kutumia ni shilingi 5. Maana yake kwenye kila elfu narudishiwa shilingi 5, nusu ya asilimia moja. Twende kwenye nauli. Treni ya SGR kutoka hapa hadi Dar, nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwaka 2024 treni ilipoanza safari za Dodoma ni 31,000 daraja la kawaida, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure. Sisi ni watu wazima wawili na wa miaka 14 analipa kamili, hiyo 93,000. Wa miaka 10 na wa 7 ni 15,500 kila mmoja, 31,000. Wa miaka 3 bure. Jumla 124,000 kwenda, 248,000 kwenda na kurudi. Ili kadi ya sheli inipe 248,000 natakiwa niweke mafuta ya shilingi 49,600,000. Milioni arobaini na tisa na laki sita! Gari letu ni moja na dogo, hiyo ni mafuta ya miaka mingapi?

Na hapo sijahesabu nilichopoteza. Kuna sheli nilikuwa naipita hapa karibu naenda ya mbali yenye kadi yangu, nachoma mafuta kufuata shilingi 5. Supamaketi nilikuwa nanunua mafuta ya kula kwa sababu wiki hiyo yana pointi mara mbili, wakati huku kwetu alizeti ya Singida na Kondoa inauzwa sokoni kwa bei nafuu na ni nzuri kuliko. Mtu ukishaanza kufuata pointi unanunua ambavyo usingenunua, hilo ndilo linalonisikitisha zaidi kuliko hata maili zilizopotea.

Sisemi watu wasijisajili. Mfanyabiashara anayepita Addis Ababa kwenda Guangzhou mara nne kwa mwaka ajisajili ShebaMiles, mpango wa maili wa Ethiopian, leo hii, safari ni ndefu, maili zinajaa haraka, na Ethiopian wapo kwenye muungano wa mashirika ya ndege wa Star Alliance kwahiyo anaweza kuzitumia hata kwenye ndege za wengine. Kujisajili ni bure. Ila huyo ni mtu mmoja anayesafiri sana, sio sisi.

Kampuni za hapa nyumbani nina maombi kwao, na nayasema kwa heshima. Andikeni thamani ya pointi kwa shilingi palepale kwenye risiti, mteja ajue 40 zake ni shilingi 200. Tumeni meseji miezi mitatu kabla hazijaisha. Na ruhusuni familia iweke kwenye kapu moja, mbona inawezekana, Emirates wanaruhusu hadi watu wanane wa familia moja kuchangia maili pamoja na mtoto wa miaka 2 anaweza kuwa mwanachama. Za baba, za mama, za watoto zikikaa pamoja angalau zinafika mahali.

Desemba tulikwenda kwa treni. Nauli nilitoa kwenye mgao wa kikundi ambao nilikuwa nimeupangia ada, na mtoto wa miaka 10 hakuongea mpaka tumepita Morogoro, nilimwangalia nikaumia sana kwa sababu ahadi niliitoa mimi.

Mwaka huu kadi nimeziweka kwenye droo. Kila Jumamosi nikitoka Majengo naweka 5,000 kwenye kibubu, kwa wiki 52 ni 260,000, nauli yetu wote kwenda na kurudi na inabaki 12,000 ya kununua zabibu za kumpelekea bibi. Mwenye kazi ya kuandika kwenye daftari kila Jumamosi ni huyohuyo wa miaka 10, jana kaandika wiki ya sita.

Mama wa watoto wanne,
Nkuhungu, Dodoma