Risala ya Wanafunzi wa Kemia, Bukavu, kwa Mgeni wa Heshima, 14 Novemba

Bwana Daktari, mgeni wetu wa heshima. Bwana Prefe, walimu, wazazi na wenzetu, jambo kwenu nyote.

Tunakushukuru kwa kuwaacha wagonjwa wako asubuhi hii ukapanda mlima wetu wenye matope. Leo ni siku ya kisukari duniani, nasi tumekuandalia bugali, ila si la kula.

Tulichemsha unga kidogo wa muhogo majini, tukadondosha iyodi, maji yakawa ya buluu nyeusi. Tukatia mate ya mwenzetu aliyejitolea, na baada ya muda ile buluu ikapotea. Ndani ya mate mna kimeng'enya kinachokata wanga. Utumboni mna vingine vinavyomalizia kazi, hadi glukozi, yaani sukari isiyohitaji kukatwa tena, inaingia damuni.

Akabozi, dawa ya kisukari iliyotokana na bakteria wa udongoni, na miglitoli, iliyoundwa na wanakemia na kuidhinishwa Marekani mwaka 1996, zina umbo la kufanana na sukari. Kimeng'enya huzishika, kisha kinashindwa kuzikata. Ni kama mteja aliyekalia kiti cha kinyozi naye hataki kunyolewa. Wenye nywele wanangoja. Hivyo sukari ya bugali huingia damuni polepole. Ubaya wake, wanga uliobaki huwafikia bakteria wa utumbo mpana, na tumbo hujaa gesi. Wazazi, mtuwie radhi.

Kilichotushtua zaidi ni hiki: anayetumia akabozi pamoja na insulini, sukari ikimshuka ghafla, chai tamu haimwokoi haraka. Sukari ya dukani nayo inangoja kukatwa na vimeng'enya vilevile vilivyozuiwa. Anahitaji glukozi yenyewe. Nyumbani kwetu, sote tungekimbilia kopo la sukari.

Hatusemi dawa hizi zinaponya kisukari, wala kwamba mtu ajinunulie bila kupimwa.

Bwana Daktari, labo yetu ina mirija minne ya kioo, mmoja umepasuka. Iyodi tuliichangia wenyewe, tukainunua farmasi. Tunaomba mirija, iyodi na kipimajoto. Na ukiweza, utupokee asubuhi moja katika maabara mnakopimia damu, tuone sukari ikihesabiwa.

Sasa tutarudia jaribio mbele yako. Mate, Bwana Prefe ameshatuahidi ya kwake.

Aksanti.