Nalala katikati ya kitanda

Bombo

Kwako Hajara, mwenzangu wa tangu madrasa,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, goti lake ndilo linalomsumbua. Mvua ya juzi imebomoa ukuta wa choo cha jirani, na wewe utajua ni jirani yupi na amepiga kelele kiasi gani.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliniuliza kwenye simu, "Zamzam, nani kakubadilisha hivi?" Ukacheka kicheko chako kile, ukidhani kuna mwanamume. Sikuweza kukujibu kwa kuwa kaka wa marehemu alikuwa amekaa barazani, kikombe mkononi na masikio yote kwangu. Jibu lenyewe ni vitabu. Haya, cheka uishe, kisha endelea kusoma.

Unakumbuka nilivyokaa eda ya Baba Jamila, miezi minne na siku kumi. Siku za mwanzo nyumba ilijaa hadi mtu unakosa pa kuweka mguu. Baada ya hapo wote wakaenda zao, nikabaki mimi na kuta. Nikawa nasuka tabaga, vile vifuniko vyetu vya chakula, asubuhi hadi jioni, sindano na ukindu, mzunguko juu ya mzunguko. Siku moja binti wa kaka yangu, yule aliyekuwa Makerere, akaniletea kitabu kisicho na jalada, pembe zimeliwa na panya. Barua Ndefu Kama Hii. Mwandishi wake, Mariama Bâ, alikuwa mwalimu huko Senegali. Alikitoa kwa Kifaransa mwaka 1979, na hakuishi sana baada ya hapo, alifariki 1981. Ninacho mimi ni tafsiri ya Kiswahili.

Hajara, mwanamke wa kitabuni, Ramatoulaye, naye yuko edani! Amefungiwa ndani kama mimi, anamwandikia rafiki yake. Mumewe, baada ya miaka 25 ya ndoa na watoto 12, alikwenda kumwoa msichana wa shule, rafiki wa binti yao. Nilikiegemeza kitabu kwenye sufuria, nikawa nasuka mstari, nasoma mstari.

Lakini kilichonishika kwanza hakikuwa kisa, kilikuwa Kiswahili chenyewe. Sisi wa Uganda Kiswahili tulikijulia wapi? Kambini kwa wanajeshi. Kwenye vizuizi vya barabarani: toka, kaa chini, leta kitambulisho. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na mpaka leo ukikisema ndani ya teksi Kampala kuna mama atakayevuta mkoba wake karibu. Mimi na wewe tunakitumia kutwa, tunabishana nacho bei ya nyanya, ila ya moyoni tunarudi kuyasema kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani. Sikuwa nimewahi kukisikia kinasema "nimeumia" kwa sauti ya chini, bila kuamrisha mtu. Nilirudia kurasa zile nikizisoma kwa mdomo, kama mtoto anayejifunza juzuu.

Halafu kitabuni nikafika siku ya arobaini. Kaka wa marehemu, Tamsir, anakuja na imamu, anamwambia Ramatoulaye kwamba akitoka edani atamwoa yeye. Hamuulizi, anamwarifu. Ana wake watatu tayari, na wao ndio wanaomlisha! Yule mama aliyekuwa amenyamaza miaka yote akamfungulia mdomo, akamwambia yote, imamu yupo. Nilipoinua macho nikakuta nimesuka mzunguko mzima kwa ukindu mwekundu pahali pa kijani. Sikuufumua.

Unajua kwa nini. Wangu hakuja mwenyewe, aliwatuma mawifi. Walikuja watatu na kilo ya sukari, wakaketi mkekani, wakaanza: nyumba haikai bila mwanamume, watoto ni wa ukoo, kaka yetu ana huruma. Huruma! Zamani ningelia tu nikasema nitafikiri, na kwetu mjane akisema atafikiri huwa amekwisha kubali. Safari hii niliwatilia chai, nikawaambia sitaki. Sikutukana, sikupandisha sauti. Nilisema sitaki, nikawauliza kama chai ina sukari ya kutosha. Mkubwa wao alitazama kikombe chake muda mrefu.

Niliwachukia wiki nzima. Baadaye yule binti akaniletea kitabu kingine, cha Jennifer Nansubuga Makumbi, wa hapahapa kwetu, kimetoka 2020. Kinaitwa The First Woman. Kiingereza changu kinachechemea, kilinichukua miezi mitatu. Kuna msichana, Kirabo, anakulia kijijini enzi za Amin, anamtafuta mama aliyemzaa, na bibi kipofu anamfundisha mambo. Mle nikakutana na neno la Kiganda, kweluma, kujiuma. Waliobanwa wakishindwa kumgusa anayewabana, hugeukiana wakaumana wao kwa wao. Nikamkumbuka wifi mkubwa. Yeye mwenyewe alirithiwa akiwa na miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyemuuliza. Kwa nini mimi niulizwe? Sijampenda kwa hilo, usinielewe vibaya, lakini Idi iliyopita nilimpelekea sahani ya biskuti na tukazungumza habari za goti la mama.

Hata Mwana Kupona nimerudi kumsoma. Unakumbuka tulivyokaririshwa: "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati." Tulichoambiwa ni kwamba anafundisha utii, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba mwaka 1858, alipomtungia binti yake utendi ule, alikuwa mjane na mgonjwa. Anamwambia amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Zamani nilisikia hapo unyenyekevu. Sasa nasikia mama mtu mzima akimnong'oneza binti yake siri kuhusu wanaume, na nina hakika alitabasamu kidogo. Ustadhi wetu asingekubali, Mungu amrehemu.

Sasa nikwambie lisilofaa kusemwa barazani. Baba Jamila hakuwa mtu mbaya. Nilimlilia kwa haki yake. Lakini yapata wiki ya tatu niliamka alfajiri nikajikuta nimelala katikati ya kitanda, mikono imetawanyika. Miaka kumi na tisa nililala ukingoni, upande wa ukuta, na hakuna aliyenisukuma huko. Niliona aibu, nikajisogeza tena ukutani. Ramatoulaye ndiye aliyenirudisha katikati, kwa sababu na yeye anamlilia marehemu, anamkasirikia na anajitazama, yote kwa pamoja, wala hachagui moja ili watu waridhike.

Ila tumegombana mimi na yeye. Mume alipooa, yeye alibaki kwenye ndoa. Rafiki yake Aissatou yalipomkuta hayohayo aliondoka na watoto wake wa kiume, akasoma, akapata kazi Marekani. Mimi nilidhani ningekuwa Aissatou. Nimesoma mara ya pili nikaona ningebaki, tena kwa kuogopa tu, wala si kwa mapenzi kama yake. Hilo lilinikosesha usingizi. Wewe ungefanya nini? Niandikie ukweli, usiniandikie ya kupendeza.

Na jambo jingine: Aissatou alimnunulia rafiki yake gari, Fiat nzima. Wewe uko Kibra, huko Nairobi, miaka yote hiyo sijaona hata baiskeli.

Kitabu nakituma kwa basi la Ijumaa, nimekifunga ndani ya tabaga. Madoa ya mafuta kwenye siku ya arobaini ni yangu. Tabaga ni lile lenye mzunguko mwekundu. Wakikuuliza umekosea wapi kusuka, waambie ni mimi, na usimuuzie mtu.

Wako,
Zamzam