Si kila mguu ni wa kuchua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba kuchuliwa mwili ni anasa za watalii na kichaka cha uhuni, na kwamba vyumba vyote vya masaji vifungwe. Vile vyumba vya pazia zito na taa nyekundu mimi sivijui na sitavitetea. Ila mkeka naujua. Nimekuwa mchua misuli wa timu za mchangani hapa Tanga tangu enzi zile Coastal Union inatwaa ubingwa wa nchi, mwaka 1988, na kila kijana wa Ngamiani mwenye miguu miwili akijiona yuko njiani kwenda uwanja wa Mkwakwani. Timu zile nyingi zimeshakufa. Chupa yangu ya mafuta ya nazi ingalipo, na wateja wake sasa ni makuli, wavuvi, mafundi cherehani, na mabinti wa maofisini wanaoshinda wameinamia kompyuta mpaka shingo haigeuki.

Anasa gani hiyo? Nani kati yetu hakumkanyaga babu yake mgongoni alipokuwa mdogo, mzee kalala kifudifudi anaguna, "Hapo hapo, mjukuu wangu, usiteremke"? Mzazi alikandwa, mtoto alipakwa mafuta akanyooshwa viungo, bibi harusi alisingwa. Yote hayo yalifanyika ndani ya nyumba za watu wanaoswali, na hakuna aliyeita polisi. Kama shida ni adabu, adabu ina taratibu zake. Mimi nachulia barazani, mchana kweupe. Mwanamke simgusi bila mwenzake kukaa pembeni, na kanga yake haitoki mwilini. Akitaka mwanamke mwenziwe namwelekeza kwa jirani yangu, ambaye mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Huyo msomaji anakaribishwa aje aone. Alete na mgongo wake.

Mgongo nausema kwanza kwa sababu ndio unaonilisha. Kuli akishabeba magunia wiki nzima, misuli ya pembeni mwa uti wa mgongo hukaza kujilinda. Kukaza kule nako kunauma, na maumivu yanaifanya ikaze zaidi. Mtu anafika kwangu kajikunja upande, ananiambia, "Mzee, leo nivunjevunje tu." Sivunji. Naanza na kiganja, polepole, kuanzia nyonga kupanda mabegani, mpaka nasikia pumzi yake imeshuka. Kazi kubwa iko kwenye pumzi. Mwili ukiamini kwamba mkono huu haukuja kuumiza, misuli inaachia yenyewe, ndipo kidole gumba kinaweza kuingia pale penye fundo. Akiinuka atawaambia wenzake nimemrudishia mgongo mahali pake. Sikuurudisha popote. Haukuwa umetoka.

Nafuu ile ni ya kweli, lakini ni ya siku chache, na anayesema vinginevyo anauza kitu. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo mwaka 2017 kwamba maumivu mapya ya kiuno yaanze kutibiwa bila vidonge, na kuchua kumo pamoja na kukanda kwa joto. Waingereza ni wagumu zaidi: mwongozo wao wa mwaka 2016 unasema kuchua kutumike tu kama kunaambatana na mazoezi. Mimi niko upande wa Waingereza. Kila anayenyanyuka mkekani kwangu namwonyesha namna ya kuinua mzigo kwa magoti na namna ya kunyoosha kiuno asubuhi, na namwambia atembee, asilale kitandani akisubiri maumivu yaishe. Wengi hawafanyi. Wanarudi Ijumaa inayofuata na shilingi zao, na mimi siwafukuzi, lakini wajue wananilipa kwa uvivu wao.

Wachua misuli wenzangu wanapenda kuwaambia wachezaji kwamba tunakamua asidi iliyojikusanya misulini. Inapendeza masikioni, ila vipimo havikuiona. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaendesha vijana 11 baiskeli ya mazoezi mpaka wakaishiwa nguvu, wakawachua mguu mmoja kwa dakika 10 na mwingine wakauacha, kisha wakakata vipande vidogo vya nyama ya mapaja yote mawili kuvipima. Asidi haikutofautiana. Kilichotofautiana ni kwamba mguu uliochuliwa ulikuwa na dalili ndogo za uvimbe wa ndani, na chembe zake zilikuwa zimeanza kujiandaa kuongeza vile vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu. Vijana 11 ni kikosi kimoja bila wachezaji wa akiba, kwa hiyo nami sijengi dini juu yao. Lakini mchezaji anayeniambia kesho yake miguu imekuwa myepesi, naona hajidanganyi.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu, maana kwa barua ile peke yake ningenyamaza. Kuna matangazo yamebandikwa kwenye nguzo za umeme njia ya kuelekea stendi ya Kange: masaji inatibu presha, kisukari, kiharusi, ugumba, nguvu za kiume, na chini yake namba ya simu. Huyu wa nguzoni ananitisha kuliko huyo msomaji anayetaka tufungiwe. Msomaji atatunyima riziki tu. Huyu wa nguzoni atazika watu.

Presha hushuka kidogo mtu akilala akatulia, akichuliwa taratibu. Akishaamka, akakumbuka ada ya shule, inapanda palepale ilipokuwa. Anayeacha vidonge kwa ajili ya mafuta ya karafuu anajitafutia kiharusi. Na mwenye kisukari cha miaka mingi nyayo zake mara nyingi zimekufa ganzi. Ukimkanda kwa maji ya moto hatasema yanaunguza kwa sababu hasikii. Utajua kesho ngozi ikichubuka, na kidonda cha mguu wa kisukari kinaweza kumalizikia kwenye kukatwa. Mguu wa namna hiyo naukagua kwa macho kwanza, hata katikati ya vidole, na maji ya moto sitii kabisa.

Kiharusi ndicho kinachonichoma. Mtu mdomo umeenda upande, mkono umelegea, ulimi mzito, majirani wanambeba kwenye bajaji wanamleta kwangu ati mishipa imelala niiamshe. Mkono na mguu havina kosa lolote hapo. Kilichozimika kiko kichwani, ama mshipa wa ubongo umeziba, ama umepasuka, na kila saa inayopita inakula sehemu nyingine ya ubongo. Siwashushi hata kwenye bajaji. Namwambia dereva ageuze aende hospitali ya Bombo. Baadaye, akisharuhusiwa na wenye taaluma, ndipo kuna kazi ya mikono: kumnyoosha viungo kila siku visikakamae, kumchua bega, kumfundisha kushika kikombe. Kazi hiyo ni ya miezi, haina sifa, na wa nguzoni simwoni akiifanya.

Halafu kuna mguu mmoja uliovimba. Hapa naomba wasomaji wapunguze mwendo. Aliletwa kwangu binti mmoja aliyekuwa bado hajamaliza arobaini yake, akisindikizwa na mama mkwe. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa, lina joto kuliko la kulia, na akikanyaga linauma kwa ndani. Mama mkwe ameshafungua chupa ya mafuta. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, mguu huu siugusi, na nyinyi msiuguse. Nendeni hospitali sasa hivi." Akasonya. Nikasikia anamwambia mwanawe kwenye simu kwamba mzee anaringa. Hospitali wakamkuta na damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Donge kama lile ukilikandamiza linaweza kung'oka, likasafiri mpaka kwenye mapafu, na mtu akakatika mbele yako. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, aliyelala kitandani siku nyingi, au mwenye mguu uliofungwa plasta. Ikiwa miguu yote miwili imevimba, nako ni kwa daktari, huenda ni moyo au figo. Mama mkwe yule baadaye alinipitishia sahani ya mkate wa kumimina. Nikala.

Wa mpirani nao wana lao. Kijana anateguka kifundo cha mguu kipindi cha kwanza, anataka nimchue mapumziko arudi uwanjani. Jeraha bichi halichuliwi. Ndani damu inavuja, na kusugua kunaiongeza. Hapo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, nasi Tanga hatuna kisingizio, wauza samaki wa Deep Sea wanazo. Asipoweza kukanyaga hatua nne, au ukiminya ule mfupa wa kifundo akaruka, apelekwe akapigwe picha. Kipimo hicho cha hatua nne si changu, kimo katika kanuni walizozitoa madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na hakihitaji hata senti. Wapo wanaoukamata mguu wa namna ile wakauvuta kwa nguvu ati wananyoosha, kumbe umevunjika.

Kwa watoto wachanga nitasema kidogo, maana wenyewe ni akina bibi. Mwaka 1986 mtafiti Tiffany Field na wenzake huko Miami, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto njiti 40. Waliochuliwa dakika 15 mara tatu kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi kwa siku kuliko wenzao, ilhali maziwa yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo bibi na mafuta yake hakuwa akipoteza muda. Lakini alichokifanya ni kupapasa kwa kiganja chenye uzito wa wastani. Kumning'iniza mtoto kichwa chini na kumvuta shingo, ambako nimekuona kwa macho yangu, kuachwe.

Nchi hii inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake lipo. Anayebandika kwenye nguzo kwamba anatibu kiharusi kwa mikono aulizwe kasajiliwa wapi na kwa kazi gani. Sisi wengine, wakandaji wa mitaani, hatutaki kuitwa madaktari. Tunataka wataalamu wa fiziotherapia walioko hospitali watuite Jumamosi moja watufundishe dalili za hatari, mguu upi wa kurudisha, kichwa kipi kinachouma si cha kupapasa, uvimbe upi wa titi usiminywe bali upelekwe kupimwa. Wakandaji tuko kila mtaa, na mgonjwa mara nyingi hufika kwetu kabla hajafika kwao. Tukijua la kumwambia, atawafikia mapema. Na wewe Mhariri, kwenye ukurasa wako wa afya, ungetusaidia kuzichapa dalili hizo kwa herufi kubwa, tuzikate tuzibandike barazani.

Kama hospitali hawana chumba cha mafunzo hayo, viwanja vya shule vipo. Mikeka tutakuja nayo wenyewe.

Mchua misuli wa zamani,
Ngamiani, Tanga